Kimya cha Hesabu Tisa

Watu waliotoka kwenye ukumbi ule wa maigizo Jumamosi na Jumapili walitoka saa kumi na moja, jua lingali juu ya mapaa, na bado waliogopa. Jibaba moja lenye kifua cha mbeba mizigo lilionekana likimbembeleza mke wake atangulie kuingia kwenye gari, achungulie kwanza kiti cha nyuma. Wengine walisimama kwenye ngazi wakiambiana kwamba ni mchezo tu, jamani, mchezo tu, na hakuna aliyeshuka.

Na yote hayo kisa mlango. Mlango wenyewe wala haukuwa mlango wa kweli. Ulikuwa ubao mwembamba uliopakwa rangi ya kahawia na kupigiliwa bawaba tatu, na nyuma yake hapakuwa na chumba wala nyumba. Palikuwa na mwanamke wa miaka sitini na miwili, amevaa ndala za kitambaa ili asisikike akitembea, amekaa kwenye kigoda, mswada magotini, tochi ndogo mdomoni na kamba mkononi. Yeye ndiye aliyeuvuta mlango. Wenzake walimwita Mama Kitabu.

Kazi yake ilikuwa mkumbushaji. Mwigizaji akisahau neno, mkumbushaji humnong'oneza kutoka gizani, neno moja tu la kwanza, na mwenzake akalidaka na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo. Mama Kitabu aliifanya miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo watazamaji hawakuwahi kuona hata ncha ya kidole chake. Mkumbushaji haonekani. Hiyo kwao ilikuwa sheria, na aliyeivunja ilibidi afungashe virago.

Aliyekuwa upande wa pili wa mlango, kwenye mwanga, alikuwa mume wake. Huyo walimwita Ngurumo, na aliyewahi kumsikia akiagiza chai hakuuliza sababu. Ndiye aliyeigiza baba mjane kwenye mchezo ule: mzee aliyefiwa na mkewe, anaishi na binti yake kwenye nyumba yenye mlango mmoja wa nyuma ambao haufunguliwi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda hofu ile alikuwa mwongozaji, bwana mwembamba aliyeitwa Tena kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kinywani kuliko mengine yote. Tena hakuamini mambo ya mizimu yenye shuka na unga usoni. Alisema mtu hutishwa na kile anachokipika mwenyewe kichwani, kazi yetu sisi ni kumpa sufuria na moto. Kwanza uwachekeshe. Nusu saa nzima Ngurumo aliwavunja watu mbavu, maana aliyecheka amelegea, na aliyelegea huingilika. Halafu, katikati ya kicheko, baba anamwambia bintiye kitu kimoja kwa sauti ya kawaida kabisa: mlango ule ukifunguka wenyewe, usitazame. Basi. Anaendelea kumenya chungwa.

Kuanzia hapo watu mia tatu hawana tena macho kwa mtu yeyote isipokuwa kwa mlango. Na mlango haufunguki. Nusu saa inapita, haufunguki. Kiti kinasogea chenyewe upana wa kiganja, basi. Mara binti anapitisha mgongo karibu na mlango, ukumbi mzima unavuta pumzi, na haufunguki. Hadi mtu anatamani ufunguke yaishe. Hapo ndipo Mama Kitabu alipoanza kuvuta kamba, taratibu sana, na mlango ukafunguka ukionyesha weusi mtupu. Baba anageuka. Anatazama. Kimya. Kisha, bila kupaza sauti, kwa lile giza ambalo wengine hawaoni mtu ndani yake, anasema: "Umechelewa."

Mayowe ya hapo yalifika hadi kwenye duka la viatu ng'ambo ya barabara.

Kile kimya kabla ya neno ndicho kilichokuwa siri ya kazi. Kwenye mazoezi walikipima kama fundi apimavyo ubao. Walijaribu hesabu ya tano, watu wakashtuka tu, na mshtuko si hofu. Walijaribu kumi na mbili, mmoja akakohoa, na kikohozi kinaambukiza. Wakikohoa watatu, hofu yote imevuja. Tisa ndiyo iliyokaa. Moja, mbili, hadi tisa, alihesabu Mama Kitabu gizani, na ikifika tisa mume wake alikuwa anafungua mdomo.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hata Tena hakulijua. Mlango ukishafunguka, mtu pekee aliyeuona uso wa Ngurumo ana kwa ana alikuwa mke wake. Na kwenye hesabu ya pili au ya tatu, watu mia tatu wakiwa wamekufa ganzi nyuma ya mgongo wake, Ngurumo alimkonyeza. Kila siku. Mwanamke mzima alibaki anang'ata ukosi wa gauni asiangue kicheko.

Wiki ya tatu kimya kilifika kumi na tano. Mama Kitabu alidhani mume wake anaringa. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimuuliza, na Ngurumo akacheka akasema alikuwa anawapima watu tu, aone kama kuna wa kukohoa. Hakukohoa mtu. Tena alikuwa karibu kupaa. Alisema miaka yote alikuwa anatafuta kimya kile, na mzee amekipata bila kuambiwa. Wiki iliyofuata tiketi ziliisha Alhamisi.

Wiki hiyo pia hakumkonyeza. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini Mama Kitabu alijiambia kwamba mume amechoka, kwamba kazi imemkolea. Mtu hujua kujidanganya vizuri zaidi kwa yule anayempenda.

Halafu ikaja Jumapili ambayo mpaka leo akiikumbuka hutamani ardhi ipasuke. Mlango ulifunguka, mume akageuka, hesabu ikafika tisa, na mkono wa Ngurumo ukapanda polepole kifuani ukashika kifungo cha pili cha koti. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yao tangu ujana: nikishika kifungo cha pili, nipe neno. Aliiona. Neno alikuwa nalo mdomoni. Lakini kile kimya! Hakuna kiti kilicholia. Aliisikia taa ya juu ikivuma kwa joto lake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa anahesabu vimya vya watu, na kimya kama kile hajawahi kushika. Tamaa ikamwingia, si ya sifa wala ya kitu kingine, ila ya kutaka kujua kitafika wapi. Kumi na sita. Kumi na tisa. Mume wake alikuwa anazama mbele ya macho yake, na yeye anahesabu. Kwenye ishirini na mbili ndipo akamnong'oneza.

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alipoteza kiatu akaenda nyumbani na kimoja.

Chumbani kwa kuvalia, wenzao walipoondoka, Ngurumo alikaa mbele ya kioo, nusu ya uso bado ina rangi.

"Nilikushikia kifungo," alisema.

"Niliona."

"Sasa mbona uliniacha?"

Mama Kitabu alichukua kitambaa na mafuta akaanza kumfuta rangi, na alipokuwa anamvua koti la jukwaani alihisi karatasi mfukoni. Iliandikwa kwa mwandiko wa mumewe, herufi kubwa kama za mtoto wa shule: Huyu ni binti yangu. Nachekesha. Namenya chungwa. Mlango. Umechelewa. Taa zinazima. Aliisoma mara mbili. Kisha, maana kikulacho ki nguoni mwako, alinyoosha mkono akapekua na koti la nyumbani lililokuwa limetundikwa ukutani. Humo mlikuwa na karatasi nyingine. Toka nje. Kushoto. Duka la viatu. Nyumba ya ngazi mbili. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine, kama mtu aliyekumbuka baadaye kwamba hilo nalo litahitaji kuandikwa: Mke wa mchezo amekufa. Mke wangu yupo.

Alilia pale pale, koti mikononi. Ngurumo alimwachia alie, kisha akamweleza yote. Ilianza kabla hata ya mazoezi. Kwanza yalikuwa majina ya vitu, kijiko, funguo. Halafu siku moja alisimama mbele ya duka la viatu saa nzima, hajui kama nyumbani ni huku au kule, akajifanya anachagua viatu mpaka muuzaji akamwonea huruma akampa kiti. Kimya cha kumi na tano hakikuwa cha kupima watu. Alikuwa anatafuta neno, na neno halipo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mke wake alimwambia kwa hasira, na kesho yake akampeleka kwa daktari. Pale Ngurumo aliigiza. Alipoulizwa leo ni siku gani, alisema siku njema, daktari, maana nimekutana na wewe. Alipoambiwa achore uso wa saa, alisema waigizaji hawana saa, wana mke anayewaamsha. Daktari alicheka hadi akavua miwani. Kisha alimwita Mama Kitabu kwenye ujia, na huko hakucheka. Alisema ugonjwa huu haurudi nyuma. Leo kijiko, kesho barabara, halafu watu. Na kwamba wa karibu wasikasirike siku ikifika, kwa sababu mgonjwa hachagui wa kumsahau.

Zilibaki Jumamosi mbili na Jumapili mbili. Mama Kitabu alitaka kwenda kwa Tena siku hiyo hiyo kumwambia basi. Ngurumo alimshika mkono.

"Niache nimalize," alisema. "Watu hawa wamenijua nikiwa mtu mzima. Wakinicheka kwa mchezo, sawa. Sitaki wanionee huruma nikiwa pale juu. Nisiaibike mbele yao, mke wangu, hilo tu. Halafu unifungie ndani ukitaka."

"Na ukikwama?"

"Si wewe upo?"

Akamwahidi. Hatamwacha tena, hata ikiwaje.

Siku tatu alitimiza ahadi. Alihamisha kigoda nyuma ya kabati la jukwaani kwa sehemu ya kwanza, akamlisha maneno kabla hajayaomba, sentensi kwa sentensi, kama mtu anayemlisha ndege. Kwenye mlango hakungoja kifungo wala tisa. Alinong'ona kwenye nane, na Ngurumo alidaka. Tena alilalamika kwamba kimya kimepungua. Mama Kitabu akamwambia ajaribu yeye kusimama pale. Wenzake walishangaa, maana mama yule hakuwa na kawaida ya kujibu.

Jumapili ya mwisho iliamka vizuri mno. Ngurumo alijifunga kamba za viatu mwenyewe, akamtania mke wake kwamba ndala zake zimezeeka kuliko ndoa. Njiani alipita duka la viatu bila kusita. Mama Kitabu aliruhusu moyo wake utulie kidogo, jambo ambalo baadaye alijilaumu nalo, kana kwamba moyo ungekaa macho mambo yangebadilika.

Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Sehemu ya vichekesho alikwenda peke yake, hakuhitaji hata neno. Watu walicheka hadi wakaomba msamaha. Akamenya chungwa. Akasema mlango ule ukifunguka wenyewe, usitazame. Kiti kikasogea. Binti akapitisha mgongo. Mama Kitabu akarudi kwenye nafasi yake gizani, akashika kamba, akavuta.

Mume wake aligeuka akamtazama.

Kwenye nane alinong'ona. Ngurumo hakudaka. Akanong'ona tena, kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba alihofia safu ya kwanza imesikia. Hakudaka. Mkono wake haukwenda kwenye kifungo, ulining'inia tu. Ishirini. Thelathini. Hakuna aliyekohoa, na Mama Kitabu akaelewa kwa nini, kwa vile vimya vyote virefu, hakuna aliyewahi kukohoa. Watu si wajinga. Mwili unajua hofu ya kuigiza na hofu yenyewe hata kama kichwa hakijui. Hofu ya kuigiza huwaendea watazamaji. Hii ilikuwa inarudi ndani ya macho ya mume wake ikitafuta pa kujificha.

"Wewe nani?" aliuliza Ngurumo.

Haikuwa sauti yake ya jukwaani. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliyeamka ndani ya nyumba ya watu. Mtu mmoja kule nyuma alipiga kite, kisha ukumbi ukazizima. Tena, aliyekuwa amesimama kando ya mlango wa kuingilia, alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaishusha taratibu. Alidhani mzee amebuni jambo. Kila mtu alidhani hivyo. Ni mmoja tu ukumbini aliyejua kwamba lile lilikuwa swali, na kwamba ameulizwa yeye.

Angeweza kuvuta kengele ya pazia. Lingeshuka, taa zingewaka, watu wangeanza kuulizana mzee ana nini, na ile huruma aliyoikimbia ingemfika. Angeweza kunong'ona tena, ampe neno lisilokuwa na pa kutua. Ngurumo alirudi hatua nyuma, akagonga kiti, akatazama kushoto na kulia kama anayetafuta njia ya kutokea. 

Mama Kitabu aliweka mswada sakafuni, akazima tochi, akapiga moyo konde, akapita mlangoni.

Yaliyotokea ukumbini watu waliyasimulia miaka. Mwanga wa samawati ulimwangukia mwanamke mwenye mvi na gauni jeusi, ndala zake hazitoi sauti, anatoka mahali ambapo kwa nusu saa nzima walikuwa wamejiapiza hakuna mtu. Kulikuwa na waliopanda viti. Kulikuwa na mwanamume aliyemkumbatia asiyemjua. Yeye hakuwatazama. Alimfuata mume wake, akamshika mkono uliokuwa baridi, akamwambia kwa sauti ya kawaida ya jikoni, "Twende nyumbani." Na Ngurumo, kwa kuwa alilelewa vizuri na hakutaka kumkatalia mama mtu mzima, alimwinamia kidogo akamfuata. Mama Kitabu aliinua mkono wa pili kwa fundi taa. Giza. Pazia.

Makofi yalianza kama mvua ya ghafla juu ya bati na hayakukoma.

Tena alikuja nyuma ya pazia akikimbia, machozi yanamtiririka. Aliwaambia wamemweza, wamemweza kabisa, miaka yote hiyo ya kazi na hawakumdokezea. Alitaka watoke wote wawili wakainame mbele ya watu. Alisema hata mchezo ukifufuliwa mwakani mwisho ni huo huo, hataki mwingine. Mama Kitabu alimkalisha Ngurumo kwenye kiti, akampangusa jasho. Aibu haikumpata mume wake. Watu mia tatu walikuwa wamesimama wanamshangilia, na kesho wangeanza kusema hajawahi kutokea mwigizaji kama yule. Kile alichoombwa alikuwa amekitimiza.

"Ni mimi," alimwambia polepole, uso karibu na uso. "Mume wangu. Ni mimi."

Ngurumo alimtazama kwa adabu. Alitoa mkono wake kwenye mikono yake, si kwa ukali, kama mtu anavyorudisha kitu alichopewa kimakosa.

"Samahani, mama," alisema. "Naomba unisaidie. Mke wangu amekaa pale, nyuma ya mlango. Mwambie nimesahau neno."

Tena alimtazama mzee, akamtazama mama, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika. Alikaa chini, pale pale kwenye mbao za jukwaa.

Mama Kitabu alisimama. Alipita mlangoni, akaurudishia nyuma yake, akakaa kwenye kigoda, akaokota mswada ingawa hakuuhitaji.  Kisha akanong'ona, neno moja tu la kwanza, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Upande wa pili Ngurumo alicheka, kile kicheko chake kinene alichokijua tangu usichana.

"Yupo," alimwambia Tena. "Unasikia? Nilijua hawezi kuniacha."

Mama Kitabu alijiziba mdomo kwa ukosi wa gauni ili kilio kisipenye ubao. Watu waliendelea kupiga makofi. Alibaki kwenye kigoda mpaka ukumbi ukawa mtupu, kwa sababu akitoka tu atakuwa mgeni, na pale alipokuwa alikuwa bado mke wa mtu.